Pamba anakaa siku nne bila choo halafu anaharisha, nifanyeje?

Swali kutoka kwa msomaji wa Tanga: Daktari shikamoo. Nina paka dume anaitwa Pamba, ana miaka 9, tumeshamhasi. Miaka miwili nyuma aligongwa na bodaboda akachechemea kama mwezi hivi, akapona mwenyewe. Tangu mwaka jana anakaa siku 3 hadi 4 bila choo, kikitoka kinakuwa vidonge vigumu kama vya mbuzi, halafu kuna siku anatoa majimaji tu, hapo nampa dawa ya kuzuia kuharisha. Mara mbili ameshapigwa bomba kliniki, lile la maji ya kupitia haja kubwa. Chakula chake ni biskuti za paka na dagaa wakavu. Jirani kaniambia nimpe mafuta ya nyonyo. Sasa niwe nampa dawa ya kufungua kila wiki, au ndo ataishi hivi hivi?

Marahaba dada yangu, pole sana na kuuguza. Swali lako nimelisoma mara mbili kwasababu ndani yake umeshataja kitu kikubwa bila mwenyewe kujua, ni hiyo bodaboda, nitaifikia. Ila kabla ya yote naomba leo leo uache vitu viwili, hiyo dawa ya kuzuia kuharisha weka pembeni, na mafuta ya nyonyo usimpe kabisa.

Yale majimaji sio kuharisha. Ndani kuna choo kikavu kimejaa kimekaa, kinakwaruza ukuta wa utumbo, utumbo unatoa ute na maji, yale maji yanajipenyeza pembeni ya lile donge yanatoka, wewe unaona kiti kimelowa unasema kaharisha. Ukimpa dawa ya kuzuia hapo unazidi kuulaza utumbo ambao tayari umelala, siku mbili mbele donge limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Paka wengi wanaletwa kliniki na maelezo hayo hayo, mara kafunga mara anaharisha, mwenye paka kachanganyikiwa anadhani ni magonjwa mawili, kumbe ni moja na ni la kufunga choo. Usijilaumu kwa hilo, hata daktari akielezwa kwa simu bila kumshika paka anadanganyika.

Jaribu hivi usiku akiwa ametulia mapajani. Pitisha mkono chini ya tumbo, kidole gumba upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, anzia nyuma ya mbavu urudi taratibu kuelekea miguu ya nyuma, ukae juu juu karibu na uti wa mgongo. Usibinye, papasa tu. Figo utazigusa huko mwanzoni, ni laini na zinateleza, hizo zipite. Paka mwenye tumbo zuri hutasikia kitu cha maana, aliyefunga utasikia vitu vigumu vimefuatana kama shanga za tasbihi, na aliyefunga sana ni kitu kimoja kinene kigumu kama kipande cha muhogo. Ukisikia muhogo, usisubiri wiki ijayo.

Na kwa vile Pamba ni dume kuna jambo lazima nilisisitize hata kama unaona halihusu. Paka dume aliyeziba mkojo anajikamua vile vile kama aliyefunga choo, anachuchumaa, analia, anaenda kwenye mchanga mara kumi, na watu wengi wanakuja wanasema daktari kafunga choo kumbe hajakojoa tangu jana. Huyo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, potasiamu inapanda kwenye damu moyo unasimama. Kwahiyo siku yoyote ukimwona anajikamua, kwanza angalia mchanga kama una madonge ya mkojo. Kama hakuna, na ukigusa chini ya tumbo karibu na mapaja unasikia mpira mgumu kama limau, mbebe uende saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Haya, tuje kwenye choo chenyewe. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, na hauchagui, choo kikikaa siku moja unanyonya, kikikaa siku nne unanyonya mpaka kinakuwa kama kokoto. Kokoto inauma kutoka, paka akikumbuka maumivu anajizuia, akijizuia kinazidi kukauka. Huku nyuma chakula kinaendelea kuingia, utumbo unatanuka, na msuli wa utumbo ni kama lastiki ya sketi, ukiivuta kidogo inarudi, ukiivuta mwaka mzima inabaki imelegea. Ikifika hapo tunaita megakoloni, yaani utumbo mpana umekuwa mfuko tu hausukumi tena. Ndo maana kwenye swali lako la kumpa dawa kila wiki jibu langu ni hapana. Ukisubiri ajae ndo umfungue, kila wiki unamvuta ile lastiki mara moja. Kazi ni kuhakikisha choo kinatoka laini kila siku au kila baada ya siku moja, ili usipate nafasi ya kutanuka.

Sasa bodaboda. Paka akivunjika nyonga mara nyingi hata hapasuliwi, anakaa ndani wiki kadhaa anapona anaruka ukuta kama kawaida, kila mtu anafurahi. Lakini mfupa ukiunga umepinda kwa ndani ile njia ya kupitia choo inabaki nyembamba, na tatizo halijitokezi siku hiyo, linakuja miezi au mwaka baadae. Maelezo yako yanafanana na hilo sana. Kuna paka mmoja simsahau, alikuwa wa mama mwenye duka la vitambaa, nilimpiga bomba mara tatu ndani ya miezi mitano na kila mara anatoka mwepesi mama anashukuru anaondoka. Mara ya nne ndo nikasema tupige picha, njia ya nyonga ilikuwa imebaki upana wa kupita kidole changu cha mwisho na utumbo nyuma yake umejaa kama soksi iliyojazwa mchanga. Ile picha ilitakiwa ipigwe siku ya kwanza, na njia ya nyonga ikipanuliwa mapema, ndani ya miezi 6 hivi tangu choo kianze kusumbua, utumbo una nafasi nzuri ya kurudi hali yake. Mimi nilichelewa na bado linaniuma. Kwahiyo Pamba kabla hajapigwa bomba la tatu apigwe eksirei, ya ubavu na ya mgongo, ionekane nyonga yote.

Hata hivyo usiiwekee bodaboda mzigo wote. Miaka 9 ndo umri ambao figo zinaanza kuchoka, figo zikichoka paka anakojoa sana, mwili unabaki mkavu na maji yanatafutwa kwenye choo. Potasiamu nayo inashuka, msuli wa utumbo unaitegemea ili ujikunje. Omba apimwe damu, figo na potasiamu. Jointi pia, paka aliyegongwa akizeeka nyonga na magoti yanauma kuchuchumaa, anakatisha katikati anaondoka na choo chake. Beseni la mchanga liwe na ukingo mfupi upande mmoja asilazimike kuruka, kubwa la kumtosha kugeuka, liwe mbali na sahani ya chakula, na lizolewe kila siku kwasababu paka akikuta pachafu anabana. Kama una paka wawili weka mabeseni matatu. Na kama amenenepa apungue taratibu.

Chakula ndo nataka tukae hapo, maana hapo ndo utaona mabadiliko bila gharama kubwa. Asili ya paka wa nyumbani ni paka pori wa nchi kame, hana hulka ya kunywa maji mengi, mwenzake wa porini maji anayapata kwenye mwili wa panya na ndege anaokula. Paka wa kilo 5 anahitaji kama mililita 200 hadi 250 kwa siku kutoka kila mahali. Sasa piga hesabu, gramu 60 za biskuti kavu maji yake hayafiki mililita 6. Dagaa wakavu nao ni hivyo hivyo, na zaidi wana miiba na vichwa vyote ndani, mifupa mingi inatoa choo kikavu cheupe kama chaki. Kwahiyo Pamba kila siku anaanza na deni la kama mililita 200 za maji, na hilo deni halilipi kwa kulamba bakuli mara tatu. Upande wa pili gramu 200 za samaki wa kuchemsha zina maji kama mililita 140, kabla hujaongeza hata kijiko cha supu.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Biskuti usizikate ghafla, zina virutubisho vilivyopimwa ambavyo samaki peke yake hana, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi mpaka zivimbe, na kwa joto la Tanga asipomaliza ndani ya saa moja tupa. Dagaa wakavu acha, badala yake chemsha samaki mbichi au kuku, toa miiba yote kwa mkono, usiamini macho, pitisha vidole, kisha mchanganyie na supu yake. Supu hiyo isiwe na chumvi wala kitunguu wala kitunguu saumu, hivyo vitunguu vinavunja damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Usimwage maji uliyochemshia kwasababu taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa, inayeyukia humo, na paka akiikosa anapata shida ya moyo na macho. Akiweza kupata chakula laini cha kopo au pakiti hata mara moja kwa siku ni vizuri zaidi, kile karibu robo tatu yake ni maji. Samaki asiwe ndo chakula pekee na asiwe mbichi. Mabakuli ya maji weka mawili matatu sehemu tofauti, mapana sharubu zisigonge, wengine wanapenda maji ya kutiririka wengine wanapenda kikombe cha bibi, wewe mchunguze anapenda nini umfuate.

Maziwa najua mtu atakuambia. Paka wengi wakubwa hawawezi kuyeyusha sukari ya maziwa, inabaki utumboni inavuta maji inachacha, kweli anaweza kulainika ila na gesi na maumivu na huwezi kujua kesho itakuwaje. Wazo hilo hilo lipo kwenye dawa ila limepimwa, ni laktulosi, ile sharubati ya Duphalac ya maduka ya dawa. Ni sukari ambayo utumbo hauimeng'enyi, inashikilia maji ndani ya choo. Kiwango cha kuanzia ni nusu mililita kwa kila kilo, mara 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo kama Pamba ana kilo 5 ni mililita 2.5 kwa kila mara. Tumia sirinji isiyo na sindano, pitisha pembeni ya mdomo nyuma ya jino lile refu, matone kidogo kidogo umpe muda wa kumeza, usimwinue kichwa juu. Inanata na wengi hawaipendi, atatoa mate, ni kawaida. Choo kikiwa uji punguza, kikiwa bado vidonge ongeza kidogo, baada ya wiki mbili utakuwa umemjua.

Akikataa kabisa kuna poda inaitwa makrogoli, ile tupu isiyochanganywa na chumvi wala ladha ya machungwa, haina ladha wala harufu, unachanganya kwenye chakula chenye maji. Anzia nusu ya robo kijiko cha chai mara 2 kwa siku, mwisho robo kijiko. Mimi binafsi naipenda kuliko sharubati kwasababu paka hakukimbii kila akikuona na sirinji, na matibabu ya miaka hayawezi kudumu kama kila siku ni vita. Ila zote mbili, sharubati na poda, zinavuta maji, kama mwili wenyewe hauna maji unazidi kumkausha. Ndo maana nimeanza na supu nikamalizia na dawa. Kama amekauka kweli, ufizi unanata ukiugusa kwa kidole, anatakiwa dripu kwanza.

Maboga na isabgol, ule unga wa maganda ya mbegu wenye nyuzinyuzi nyingi, watu wanasifia sana na kwa paka mwenye utumbo ambao bado una nguvu yanasaidia, kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa lisilo na sukari, au isabgol kidogo iliyolowekwa mpaka ikawa kama ute. Kwa Pamba naomba usubiri picha. Nyuzinyuzi zinaongeza ukubwa wa choo, na kama mlango ni mwembamba au utumbo umeshalegea, unaongeza mzigo kwa mtu aliyeshindwa kubeba. Huyo anahitaji chakula kinachoacha mabaki machache utumboni, kinyume kabisa na ushauri wa wengi. Habari ni hiyo hiyo kwa dawa za kuusukuma utumbo. Iliyo bora kwa paka ni sisapraidi, kwa binadamu iliondolewa Marekani mwaka 2000 sababu ya kuvuruga mapigo ya moyo, kwa paka madaktari bado wanaitumia ila inabidi itengenezwe kwa oda, duka la kawaida hutaipata. Ukiambiwa Plasil, ile dawa ya kuzuia kutapika, ni mbadala sio kweli, ile inafanya kazi tumboni na utumbo mwembamba, utumbo mpana wa paka haiugusi. Na yoyote ya kusukuma haitolewi kama njia imeziba.

Mafuta sasa, nimesema usimpe nataka ujue kwanini. Mafuta hayamshtui paka kooni, hayamfanyi akohoe, yanateleza yanaingia mapafuni. Nimeshapokea paka aliyelazimishwa vijiko viwili vya mafuta ya nazi na bibi aliyempenda kama mjukuu, alifika mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka, kila pumzi inalia. Yule hakufa kwa choo. Na nyonyo juu ya hatari hiyo inakamua utumbo kwa nguvu dhidi ya donge ambalo haliwezi kupita. Enema zenye fosfeti zinazouzwa kwa ajili ya watu ni sumu kwa paka, fosfeti inaingia kwenye damu, kalsiamu inashuka, anatetemeka na kufa, usithubutu hata nusu. Na akiwa analia maumivu usimpe Panadol, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, ini la paka haliwezi kuiondoa.

Bomba likilazimika lipigwe kliniki kwa maji ya vuguvugu, taratibu, na kama donge ni kubwa apewe usingizi na awekewe mpira wa hewa kooni kwasababu wengi wanatapika wakati wa kazi hiyo. Uliza hilo kabla hujasaini, ni haki yako. Kumchokonoa paka akiwa macho kwa saa nzima ni mateso na utumbo unaweza kutoboka.

Akikaa siku mbili bila choo huku anajikamua, akitapika, akigoma kula siku mbili au akijificha, usingoje kufika siku ya nne kama zamani. Paka akigoma kula, hasa mnene, mafuta yanajaa kwenye ini na hapo unapambana na ugonjwa mwingine mkubwa.

Kwa picha, kama Tanga hupati eksirei ya wanyama kuna hospitali ya wanyama ya mafunzo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, piga simu kwanza. Mwambie daktari apime upana wa utumbo mpana aulinganishe na urefu wa pingili ya tano ya kiuno, ukizidi mara moja na nusu hivi hiyo ni megakoloni. Ikiwa hivyo na dawa zikishindwa upasuaji upo, wanakata sehemu kubwa ya utumbo mpana na kuunganisha, choo kinakuwa laini wiki kadhaa mpaka miezi halafu wengi wanatulia wanaishi vizuri tu, kwahiyo "ataishi hivi hivi" ulilouliza sio lazima.

Kuanzia kesho chukua daftari, andika siku, choo kimetoka au la, kigumu au laini, kala nini, dawa mililita ngapi, na kila Jumapili mpime uzito, ujipime wewe umembeba halafu ujipime peke yako utoe. Siku ya picha nenda na hilo daftari na choo kimoja kwenye kopo lenye mfuniko tuangalie na minyoo, kisha niandikie majibu ya figo na potasiamu tupange kiwango cha dawa upya.